Kimo cha Choo

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kuhamishwahamishwa. Nyumba ile aliijenga pamoja na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na mumewe alipofariki aliendelea kushona sare za shule palepale ukumbini kama kawaida, mlango wazi, redio ikijisemea peke yake. Jina lake halisi watu walishalisahau. Hata msoma mita alipopotea njia aliuliza kwa Mama Cherehani ni wapi. Kwa hiyo binti yake wa pekee alipoanza maneno ya "Mama, njoo ukae kwetu," alipigwa methali kabla hajamaliza: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

"Mimi si ndugu yako, mama. Ni mwanao."

"Ndiyo mbaya zaidi. Ndugu naweza kugombana naye."

Lakini binti alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa magoti. Magoti ya Mama Cherehani yalikuwa yamechoka kumtumikia, na bafu la nyumba ile lilikuwa la zamani: sakafu ya saruji iliyopasuka, choo cha kuchuchumaa, na ndoo. Kuchuchumaa aliweza. Kuinuka ndiko kulikuwa safari. Siku moja binti alifika bila taarifa akamkuta mama yake ameng'ang'ania mwimo wa mlango, jasho linamtoka, anasema hakuna kitu, anapumzika tu. Anapumzika chooni!

Yakawa makubaliano. Bafu litatengenezwa upya, vigae chini na ukutani, sinki, bomba la mvua, na choo cha kukaa. Mama akiweza kujitegemea humo, atabaki kwake na hakuna atakayemsumbua. Akishindwa, atafunga mizigo ahamie kwa binti, wala hapatakuwa na mjadala. Mama Cherehani alikubali, na alikuwa mtu wa kusema ahadi ni deni, kwa hiyo alijua amejifunga.

Siku ya kwenda dukani walikwenda watatu: yeye, binti yake, na mkwe wake, ambaye alikuwa na gari la kubebea mizigo na hivyo hakuwa na pa kujificha. Mkwe alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi wa majokofu. Tangu aoe hakuwahi kuvuka sebule ya mama mkwe wake. Akifika alikaa kiti cha karibu na mlango, akazungumza huku anaitazama kalenda ukutani. Mama naye kabla ya kumletea chai alijitanda kanga ya pili. Walipendana sana wale wawili, ila kwa mbali, kila mmoja akiogopa kumvunjia mwenzake heshima.

Dukani Mama Cherehani aliwashangaza wote. Binti alikimbilia vigae vyeupe vinavyong'aa kama sahani mpya. Mama akakichukua kimoja, akakigeuza na kukikagua mgongoni kama anavyokagua kitambaa upande wa ndani, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akakimwagia, akavua kandambili moja na kukikanyaga kwa unyayo mtupu. Mguu ukateleza.

"Hiki ni cha kutazama," akamwambia muuzaji. "Mimi nataka cha kukanyaga."

Vikaletwa vingine, vikamwagiwa maji vingine. Muuzaji akaenda kutafuta tambara la kupangusia. Binti aliona haya, mkwe akajifanya anasoma maandishi kwenye mabomba. Hatimaye Mama akapata vya kijivu, vyenye kukwaruza kidogo, ambavyo unyayo ulivishika bila wasiwasi. Vya ukutani alichagua rangi ya maziwa. Hata hapo hakuridhika mpaka maboksi yakafunguliwa na kigae kimoja kimoja kikapelekwa mlangoni kwenye mwanga wa jua, maana alijua kwa kazi yake kwamba rangi ya dukani na rangi ya nje si ndugu. Boksi moja lilikuwa na wekundu kwa mbali. Likarudishwa. Akafungua na kufunga mabomba ya sinki, akapitisha kiganja kwenye kingo kuona kama zitamchuna. Muuzaji alishakata tamaa, akawa anafuata nyuma tu na tambara lake.

Wakafika kwenye vyoo. Vilikuwa juu ya jukwaa refu la mbao, vimepangwa safu, vifuniko wazi, kama vinamsubiri daktari wa meno.

"Hapa sasa, mama, panda ukae," akasema muuzaji, akifunga kifuniko cha kimoja. "Jaribu. Kila mtu anajaribu."

"Kaa, mama," akasema binti. "Dakika moja tu."

Mama Cherehani akakitazama choo, akalitazama jukwaa, kisha akamtazama mkwe. Mkwe, maskini, akageuka haraka akawapa mgongo, akawa anashangaa mabomba ya mvua kwa bidii kubwa. Ikawa ndiyo ameharibu kabisa, maana sasa ilikuwa wazi kwamba kila mtu anajua kinachosubiriwa.

"Nikae chooni mbele ya mkwe wangu?" akanong'ona, kwa mnong'ono uliofika mpaka mlango wa barabarani. "Una akili wewe?"

"Si umevaa nguo, mama! Na hili ni duka!"

"Choo ni choo, hata kikiwa dukani."

Akanyoosha mkono, akakigusa kimoja kwa ncha za vidole, cheupe, chenye tangi la maji la mviringo, akasema, "Hiki kinatosha." Kilikuwa kizuri kweli. Kilikuwa pia kifupi, lakini ufupi wake haukuonekana, kwa sababu ya jukwaa. Basi mwanamke aliyevua kandambili kukijaribu kigae, aliyevipeleka vigae kwenye jua, aliondoka dukani amejaribu kila kitu isipokuwa kile kimoja cha kukaliwa. Mkwe akakipakia garini kwa uangalifu mkubwa, bila kumtazama mtu usoni.

Fundi aliyepatikana aliitwa Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilojibia kila swali. Alivunja sakafu, akang'oa choo cha zamani, akalaza mabomba mapya, akamwaga zege. Mama Cherehani alisogeza kigoda chake kirefu cha kushonea mpaka ushorobani ili aone, na wakaelewana vizuri sana, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa kupima kwanza ndipo wakate. Alipenda kumwona akiweka pimamaji juu ya kigae, akikigonga kwa nyundo ya mpira, akiinama kufumba jicho moja. Mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu ulikuwa mdogo kiasi kwamba macho hayakuuona, lakini gololi aliyoiweka ilibingirika yenyewe mpaka tunduni.

"Vipande vilivyokatwa vitaangukia wapi?" mama akauliza.

"Nyuma ya mlango. Taratibu, mama. Mtu akiingia ataona vizima tu."

"Ndivyo hata mimi ninavyoficha viraka."

Kazi ilipokwisha, na saruji nyeupe ya kwenye mianya ilipokauka, binti alikuja akapiga picha na kuzituma kwa ukoo mzima. Sifa zikamiminika. Hata mjomba mmoja asiyesifu kitu chochote isipokuwa ujana wake alituma kidole gumba. Binti akavuta maji mara tatu kwa furaha tu, akamkumbatia mama yake, akaondoka.

Mama Cherehani akaingia, akafunga mlango, akakaa. Akajikuta anakwenda chini, chini zaidi, mpaka akadhani amekosea mahali. Magoti yakapanda juu kama ya panzi. Alipotaka kuinuka, hakuinuka. Akajaribu tena akiegemea mapaja, akarudi kwa kishindo. Mwisho akashika ukingo wa sinki lililokuwa pembeni, akajivuta, akasimama. Aliiweka miguu sawa, akalitazama bafu lile zuri la picha likimzunguka, akasema kwa sauti, "Yamenikuta."

Angeweza kumpigia simu binti yake dakika ileile. Ndivyo mtu mwenye akili angefanya, na akili alikuwa nayo tele. Lakini simu hiyo ilikuwa na jibu moja tu, na jibu lenyewe alishalikubali kwa mdomo wake: akishindwa, anahama. Cherehani ingewekwa kwenye kona ya chumba cha mtu. Wateja wangetafuta mshonaji mwingine. Yeye angekaa anaulizwa asubuhi kama amelala vizuri na mchana kama amekula, mpaka afe kwa kuulizwa. Akanyamaza.

Akaanza kuishi kwa hesabu za maji. Chai ya asubuhi akaipunguza, ya jioni akaiacha. Aliingia bafuni pale tu aliposhindwa kungoja, na kila alipoingia alitoka kwa msaada wa sinki. Binti akipiga simu, "Mama, bafu linaendeleaje?" alijibu, "Linang'aa." Haukuwa uongo.

Sinki nalo halikufungwa ukutani ili livute watu. Asubuhi moja alilishika, akajivuta, akasikia kitu kinapasuka ndani ya ukuta. Sinki likainama upande. Akaliachia upesi, akarudi kukaa, na safari hiyo hapakuwa na cha kushika. Alimwita Mungu. Aliyaita na magoti yake pia, kwa majina ambayo hayafai kuandikwa. Aliegemea kushoto, aliegemea kulia. Jua likapanda dirishani na yeye yupo palepale.

"Hodi! Mama Cherehani! Nimefuata sare za watoto!"

"Njoo kesho!" akapaza sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. "Leo nimebanwa!"

Mteja alipoondoka, Mama Cherehani akajitelezesha polepole mpaka sakafuni, akatambaa kwa magoti yale mabovu juu ya vigae alivyovichagua mwenyewe kwa ukwaruzaji wake, akaufikia mwimo wa mlango, akaupanda kwa mikono kama mtu anayepanda mnazi. Alipokwisha kusimama alilia. Magoti yalimuuma, lakini siyo yaliyomliza. Alilia kwa sababu binti yake alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na yeye hakutaka iwe kweli.

Sinki lilikuwa linavuja, na hilo halikufichika. Akampigia mkwe, maana binti alikuwa kazini, akasema, "Baba, sinki limelegea. Sijui lilifungwaje." Akamsingizia Fundi Taratibu mchana kweupe, Mungu amsamehe.

Mkwe na Fundi Taratibu wakaja siku hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza mkwe akavuka sebule, akiomba radhi njia nzima. Mama akabaki kwenye cherehani yake, anashona pindo lililokwisha kushonwa, masikio yote yako bafuni.

"Sinki hili nililifunga mimi," Taratibu alikuwa anasema, ameumia kweli. "Labda mtu amelifungia ng'ombe."

Kisha Mama Cherehani akasikia kifuniko cha choo kikifungwa, na mtu akikaa juu yake. Baada ya muda, mtu akainuka. Akakaa tena. Akainuka tena, safari hii polepole, na mkono ukagusa sinki. Mama akasimamisha cherehani. Uso ulimwaka. Alijua kwamba amejulikana, na kati ya watu wote duniani amejulikana na huyu.

Mkwe akatoka, akasimama ushorobani, akaitafuta ile kalenda, akaipata.

"Mama, samahani. Nina jambo la aibu kidogo."

"Sema, baba."

"Nilipokuwa kijana nilicheza sana mpira. Goti langu moja si zima. Sasa hiki choo… nikija hapa kwako nikahitaji, kitanitesa. Ni kifupi. Naomba ruhusa yako fundi akiinue. Ataking'oa, ajenge kitako cha zege chini yake, aongeze na kipande cha bomba. Nitagharamia mimi, ni tatizo langu."

Katika miaka yote hakuwahi kuhitaji choo katika nyumba ile. Hata maji alikuwa akinywa nusu bilauri. Mama Cherehani akamtazama yule kijana mrefu anayedanganya kwa macho makavu, masikio yamemwiva kwa aibu, na akampenda kuliko siku aliyokuja kuposa.

"Goti si la kuchezea, baba," akasema. "Kiinueni."

Taratibu alishatoa futi yake na kumwinamia mkwe mguuni, kupima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Mama akaona hatari. Kwa miguu ile ya twiga, choo kingekwenda karibu na dirisha, na yeye angekaa humo miguu inaning'inia kama mtoto juu ya kiti cha kinyozi.

"Usimpime huyo!" akaropoka. Wote wakamgeukia. Akajikohoza. "Nyumba hii ina wageni wafupi wengi. Pima hiki." Akainuka kwenye kigoda chake cha kushonea, kile alichokaa na kuinuka kutwa nzima bila kumwomba mtu msaada, akakisukuma mbele. "Kimo hiki hakijawahi kumshinda mtu."

Fundi akapima kigoda. Akamtazama mama, akamtazama mkwe, akafungua mdomo. Halafu akakumbuka jina lake, akaufunga.

Zege lilipokauka, choo kikarudishwa juu ya kitako, kitako kikavishwa vigae vya kijivu vilivyobaki, na sinki likafungwa upya kwa skrubu ndefu. Mama Cherehani akakaa, akainuka. Hakushika kitu. Akarudia kwa raha tu, kisha akaenda kujipikia birika zima la chai.

Binti akaja mwisho wa juma pamoja na mume wake. Alikwenda kunawa mikono, na sauti yake ikatokea bafuni kabla yake.

"Nani amekipandisha choo kwenye jukwaa?"

Mkwe akanyoosha shingo, akarudia habari ya mpira na goti. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Goti gani? Juzi umebeba jokofu peke yako mpaka ghorofa ya tatu! Mama yangu amechagua choo chake mwenyewe, kizuri, ukoo mzima umekisifu, wewe unakuja kukivunjavunja kwa ajili ya goti ambalo mimi mke wako silijui? Hivi una haya kweli? Kwa mama mkwe!"

Mkwe akainamisha kichwa. "Nimekosa," akasema. "Nisamehe."

Mama Cherehani alikuwa na sindano mdomoni. Angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Binti angenuna mpaka jioni, nyumba ingebaki nyumba yake, na mkwe angebeba lawama kama alivyobeba jokofu. Hakuna aliyemwomba aseme. Akaitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa.

"Mwache mume wako," akasema. "Goti bovu ni langu."

Binti akageuka.

"Choo kilikuwa kifupi. Dukani nilikataa kukaa kwa sababu ya haya zangu, nikaleta nyumbani kitu nisichokijua. Sinki ni mimi niliyeling'oa kwa kujivutia. Siku moja nilikwama humo mpaka jua likapanda, nikatoka kwa kutambaa. Huyu mtoto wa watu aliona, akanisitiri. Sasa ukitaka kunihamisha, nihamishe. Lakini hatakula matusi kwa ajili yangu."

Binti alikaa kwenye mkono wa kochi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Umetambaa, mama? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

"Ndiyo. Siku ileile."

"Basi."

Binti akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akasimama, akasema kwa ukali, "Njoo. Kaa nione."

Wakaingia bafuni. Mkwe akaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa nje, lakini Mama Cherehani akamwita, "Baki hapo, baba. Umeshaona mabaya, ona na mazuri." Akafunga kifuniko, akakaa mbele yao wote wawili, mgongo wima, mikono mapajani. Akainuka bila kushika kitu.

"Tena," akasema binti.

Akakaa, akainuka.

"Tena."

"Hapa jeshini?" akauliza mama, lakini akakaa, akainuka.

Binti akacheka huku machozi yanamtoka, akaegemea ukuta wa vigae vya rangi ya maziwa.

"Haya, bakia kwako," akasema mwishowe. "Lakini magoti hayarudi nyuma, mama. Siku ukikwama tena, na wewe mimi huniambii kitu, nitajuaje?"

Mama Cherehani alifikiri. Akanyoosha kanga yake, akamwonyesha kwa kidevu yule kijana aliyesimama ushorobani.

"Nitampigia huyu," akasema.

Mkwe hakuitafuta kalenda. Alimtazama mama mkwe wake usoni, akasema, "Nitakuja, mama."